Kidichi: Maswali Wanayotuuliza Wageni Kabla ya Kupanda Kilima

Sisi tunaishi Kidichi, Unguja, juu ya kilima, katika shamba la eka tatu alilopewa babu yetu baada ya Mapinduzi. Watu wanatupigia simu kutoka Mjini, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, hata Muscat, na wengi wanauliza mambo yale yale. Hapa tumeyajibu kama tunavyowajibu wakishakaa barazani.

Kidichi nafikaje?

Toka Mjini ushike barabara ya kaskazini, upite Mtoni, ufike Bububu. Mpaka hapo ni kiasi cha kilomita kumi, na daladala namba 502 inakufikisha. Kwenye njia panda karibu na kituo cha polisi unakata kulia, unaiacha bahari mgongoni na kuanza kupanda. Kidichi ni kilomita kama nne kutoka hapo. Daladala za kupandisha zipo na bodaboda hazikosekani, lakini kama miguu ni mizima na jua halijakaza, njoo kwa miguu. Mpando ni wa pole. Njiani utaona minazi inavyoachia nafasi mifenesi na miembe, kivuli kinazidi, na upepo wa chumvi unaachana nawe kidogo kidogo.

Ni kweli Bububu imeitwa hivyo kwa mlio wa gari moshi?

Sote tumelelewa na hadithi hiyo. Reli ya kutoka Mjini hadi Bububu ilikuwepo kweli, ilifunguliwa mwaka 1905, na wazee walikuwa wakituigia mlio wake. Ila jina ni kongwe kuliko reli. Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866, anaitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapwa 1886, tena kama mahali alipokuwa akikaa. Wengine wanasema jina limetokana na mchemko wa maji ya chemchem. Mimi naelemea huko, maana chemchem ipo mpaka leo.

Mama yangu ana miaka sabini. Kilima atakiweza?

Ataweza, inshallah. Unguja haina milima kama ya bara. Sehemu ya juu kabisa ya kisiwa ni tuta la Masingini, jirani zetu, nalo halizidi sana mita 120 kutoka usawa wa bahari. Aje na gari mpaka juu, kisha atembee njia ya shambani taratibu. Tunaweka viti chini ya mshelisheli kwa ajili ya wazee, na hakuna anayemharakisha mtu.

Hiyo Masingini usiipite hivi hivi. Ule msitu ndio unaoyashika maji ya mvua na kuyateremsha chini kwa chini hadi kwenye chemchem za Bububu na Mtoni. Seyyid Barghash ndiye aliyeyapeleka maji ya chemchem Mjini kwa mabomba, katika utawala wake wa 1870 hadi 1888. Mtu wa Mjini akifungua bomba, sehemu ya maji hayo imeanzia huku kwenye miti.

Hasa kuna nini cha kuona?

Watu wengi wamezoea ile ziara ya saa moja: unapewa jani unuse, ukisie ni nini, unavalishwa kofia ya makuti, unapigwa picha, unaondoka. Vijana wanaifanya kazi hiyo kwa bidii na inawalisha. Lakini kama wewe ni mtu wa Kiswahili, viungo hivi unavijua tangu jikoni kwenu. Kwako wewe raha iko mahali pengine: kuona kiungo kinavyoishi kabla hakijafika kwenye kinu.

Anza na udongo. Huku juu ni kinongo, udongo mwekundu mzito wa kina, unaoshika maji na kuipa mizizi pa kwenda. Ukiteremka bondeni unakuta kinamo, mfinyanzi unaotuamisha maji, na huko ndiko mpunga unakolimwa. Ukivuka kisiwa kwenda mashariki unakuta maweni, mawe matupu ya matumbawe yenye udongo wa kiganja kimoja, na mkulima wa huko anapanda katikati ya mawe. Ndiyo maana karafuu zimejaa upande huu wa magharibi. Wageni wengi wanashangaa kisiwa kidogo hivi kubeba dunia mbili.

Kisha tazama jinsi shamba lilivyopangwa kwa ghorofa. Juu kabisa minazi na mikarafuu. Chini yake mifenesi, mishelisheli, michungwa, mishokishoki na miduriani. Chini zaidi migomba: mkono wa tembo, mtwike, kipukusa, kila mmoja na kazi yake jikoni. Pilipili manga na vanila zinapanda kwenye mashina ya miti mingine. Ardhini kuna tangawizi, manjano, muhogo, viazi vitamu, na hiliki penye kivuli na unyevu. Mgeni mmoja aliniambia shamba letu limekaa ovyo kama kichaka. Nikamwambia ahesabu mimea inayoliwa kutoka alipokaa bila kunyanyuka. Alifika kumi na saba.

Na mandhari yenyewe? Simama juu wakati wa alasiri. Upande wa magharibi, miti ikikuruhusu, unaiona bahari. Upande wa mashariki mashamba yanashuka na kupanda mpaka macho yachoke. Wakati mzuri ni baada ya mvua, moshi wa kuni unapoanza kutoka jikoni na majani ya mikarafuu yanang'aa.

Hamamni ya Kidichi ni nini, na iko wazi?

Ni nyumba ya kukogea, jengo jeupe la kuba, karibu na barabara. Seyyid Said alilijenga kiasi cha mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Binti Irich Mirza, mjukuu wa Shah Fath Ali wa Uajemi. Bibi huyo, kwa alivyosimulia Bibi Salme, alipenda sana farasi na kuwinda. Wakitoka kwenye mashamba na mawindo, wanakuja kukoga na kupumzika hapa.

Ukiingia, subiri macho yazoee mwanga, kisha nyanyua kichwa. Kwenye chokaa za kuta wamechongwa ndege na maua kwa mtindo wa Kiajemi. Seyyid Said alikuwa wa madhehebu ya Ibadhi, na nyumba za Kiibadhi hazipambwi kwa sura za viumbe, kwa hiyo ukiwaona wale ndege unajua huyu bibi alijengewa kipande cha kwao. Mimi kila nikiwaona namfikiria mgeni aliye mbali na watu wake. Hakukaa, waliachana na akarudi Uajemi.

Jengo liko chini ya Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, na kuna kiingilio kidogo. Tunakuomba sana usiguse michongo. Unyevu na ukungu vimeshaila vya kutosha.

Kizimbani na Kidichi ni kitu kimoja?

Hapana, ni majirani. Ukiendelea na barabara ile ile kuingia ndani zaidi unafika Kizimbani. Huko kuna utafiti wa kilimo na chuo cha kilimo, na kuna historia yake ambayo tunaieleza kwenye swali linalofuata.

Haya mashamba ni ya nani?

Swali hili tunalipenda, na halijibiki kwa sentensi moja.

Mkarafuu si mti wa asili ya hapa. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Mwanzoni mwa karne ya 19 uliletwa Unguja kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, na anayetajwa kwa kazi hiyo ni mfanyabiashara Mwarabu, Saleh bin Haramil al-Abry. Miche ilipandwa Mtoni na Kizimbani. Baadaye Seyyid Said alimnyang'anya mashamba yake, kisha akawahimiza matajiri wote wapande. Wazee wanasimulia kwamba amri ilikuwa kwa kila mnazi, mikarafuu mitatu. Vilima vyote hivi unavyoviona vikageuka kuwa karafuu.

Waliopanda, waliopalilia na waliochuma walikuwa watumwa. Hatuwezi kukutembeza hapa tukakuonyesha uzuri wa mabonde tukaliruka hilo. Soko la watumwa la Mjini lilifungwa mwaka 1873 na utumwa ukafutwa kisheria mwaka 1897, lakini mashamba yalibaki kwa wenyewe na wengi waliokuwa watumwa wakabaki hapo hapo wakiwa maskwota, wakilima muhogo wao chini ya mikarafuu ya mwingine.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliyataifisha mashamba na kuwagawia wananchi eka tatu tatu. Babu alipata yake hapa. Kwa sheria ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na sisi tuna haki ya kuitumia. Kwa hiyo unapopita kwenye njia za Kidichi, kila baada ya hatua mia unatoka kwenye eka ya mtu na kuingia ya mwengine, hata kama huoni ua. Mpaka unaweza kuwa mstari wa minanasi au mti mmoja tu ambao wenyewe wanaujua.

Naona nyumba mpya nyingi. Mashamba yanakwisha?

Yanapungua, na inatuuma. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima; ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Watu hao wanahitaji pa kulala, na Mji umejaa. Eka ikirithiwa na watoto wanane, mmoja akiuza kiwanja, mkarafuu wa miaka sitini unakatwa kwa siku moja na msingi unachimbwa. Mimi siwalaumu majirani zangu waliouza. Najua ada za shule zilivyo. Lakini kinongo kilichofunikwa kwa saruji hakirudi. Njoo uone na watoto wako wakati bado kipo cha kuona, na ununue mazao yetu, maana shamba linalomlisha mwenyewe ni gumu kuuzwa.

Nije msimu gani?

Inategemea unataka nini. Masika, Machi hadi Mei, kila kitu ni kijani lakini njia ni tope na utelezi. Siku nyengine gari haipandi. Kuanzia Juni hali ya hewa inatulia, kipupwe kinaingia, na kutembea ni raha. Vuli ni mvua za Oktoba hadi Disemba, mara nyingi fupi, unajibanza chini ya mwembe zikapita. Kuelekea mwisho wa mwaka na wakati wa Kaskazi ndipo matunda yanapofurika: embe za kila aina, shokishoki, duriani. Kama hujawahi kula boribo iliyodondoka yenyewe asubuhi ile, panga safari yako kwa hilo peke yake.

Nitaona karafuu zikichumwa?

Kuchuma kunaanza baada ya masika na kunaweza kuendelea hadi mwanzo wa mwaka, lakini mikarafuu ina tabia zake. Mwaka mmoja inazaa ukashindwa kumaliza, mwaka unaofuata inakunyima. Piga simu kwanza.

Karafuu ni ua ambalo halijafunguka. Mchumaji anapaswa kuliwahi vishada vikiwa vimeanza kuwa vyekundu kwa chini. Likifunguka, thamani imekwisha. Kwa hiyo zikiiva kijiji kizima kinahamia mitini. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika, na mchumaji anayavuta kwa upembo, kijiti chenye ncha ya kupinda, huku amejishikiza. Mdogo wangu alianguka akiwa na miaka kumi na mbili, mkono wake wa kushoto haujanyooka mpaka leo. Jioni watu wanakaa kwenye majamvi kuchambua, karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) huku, na hapo ndipo hadithi zote za mtaa zinaposikika. Asubuhi zinaanikwa. Jua likiwa kali siku tatu au nne zinatosha. Mvua ikinyesha ghafla utaona watu wazima wanakimbia kama watoto kuzifunika.

Tafadhali usikanyage majamvi, hata kwa ajili ya picha. Kundi moja la wageni lilipita juu ya karafuu za jirani yetu na viatu vya tope. Mama wa watu alikaa mchana kutwa kuchagua upya, punje moja moja.

Lakini karafuu si za Pemba?

Nyingi ni za Pemba, ndiyo. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu, Pemba ikasalimika, na tangu hapo wao ndio wenye karafuu. Ukipata nafasi, vuka ukaione. Vilima vyake ni vingi kuliko vyetu na tunawasifu bila wivu.

Naweza kununua karafuu kwako?

Za kutilia pilau na chai, pakiti ndogo, utapata madukani na sokoni. Za gunia usituulize. Karafuu kavu za biashara mkulima anaziuza kwa Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC, na kuzipitisha pembeni ni magendo. Viungo vyengine, mdalasini, hiliki, pilipili manga, manjano, tunauza nyumbani kwa uzito wowote, na bei tunakutajia kabla hatujafunga.

Kwa nini vanila ni ghali hivyo?

Kwa sababu inataka mkono wa mtu. Asili yake ni Mexico, na nyuki wanaoijua hawapo huku. Ua linafunguka asubuhi moja tu. Usipoliwahi kulipandisha, kwa kuuinua utando mdogo na kuubana mbelewele kwa kijiti, linanyauka na hakuna tunda. Njia hii aliigundua kijana mtumwa wa miaka kumi na mbili, Edmond Albius, kisiwani Réunion mwaka 1841, na ndiyo tunayoitumia mpaka leo. Baada ya hapo unasubiri miezi minane au tisa podo likomae, kisha kuna kulichemsha, kulifunika na kulianika kwa wiki nyingi. Dada yangu ndiye mwenye mkono wa vanila hapa nyumbani. Ukija asubuhi mapema wakati wa maua, atakufundisha.

Kuna wadudu? Nyoka?

Nyoka wapo lakini wanakukimbia wewe kabla hujawakimbia. Utakayekutana naye hasa ni majimoto, chungu wekundu wanaoshona majani na kufanya viota mitini. Wakikuuma utaelewa jina lao. Usimuombe mtu awachome moto. Majimoto wanawawinda wadudu wanaofyonza nazi changa na kuziangusha, na mnazi wenye majimoto unazaa vizuri. Wachumaji wa karafuu wanawalaani kila siku, nasi tunawaacha. Jihadhari pia na upupu pembezoni mwa njia. Maganda yake yenye manyoya ya dhahabu yanapendeza macho na hayapendezi ngozi. Mbu: paka dawa jioni.

Nivae nini?

Viatu vilivyofunga. Ndara zitakutelezesha. Nguo za heshima, kina mama na kina baba, mabega na magoti yafunikwe, kwa sababu unapita mbele ya nyumba za watu, madrasa na misikiti.

Adabu za kuingia shambani kwa mtu?

Piga hodi, hata kama hakuna mlango. Salamu kwanza, shikamoo kwa wakubwa, kisha ndiyo useme shida yako. Tunda lililodondoka chini bado lina mwenyewe. Ukiomba, mara nyingi utapewa matatu. Picha za mashamba piga utakavyo, za watu omba. Kurusha ndege isiyo na rubani kunahitaji kibali cha serikali, na kundi kubwa likija, tuarifu mapema tumjulishe Sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani.

Tunakuja Ramadhani. Inawezekana?

Karibuni. Asubuhi ni tulivu sana. Usile wala kunywa hadharani; kama una mtoto au mgonjwa, tutampa chakula ndani. Na ukikaa mpaka magharibi hutoondoka bila kufuturu: muhogo wa nazi, mashelisheli, tambi, uji wa pilipili manga. Hatupokei pesa ya futari.

Siku za kawaida chakula kipo?

Kipo ukiagiza jana yake. Wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mchicha, na kinacholetwa na shamba siku hiyo. Dafu linaangushwa ukifika. Mkwezi wetu anapanda na kamba miguuni, na tunakuomba usimuombe arudie kwa ajili ya video. Mnazi mrefu unachosha, na anaipanda mingi kwa siku.

Watoto?

Waleteni. Wape kazi: kuokota kungumanga, kumenya mdalasini, kusaga manjano mpaka vidole viwe vya bibi harusi. Mchune mzizi wa mdalasini kidogo wanuse, wanaruka wenyewe, maana unanukia kama dawa ya mafua. Kungumanga likipasuka utaona utando mwekundu umeizunguka kokwa. Huo ndio basibasi. Watoto wa Mjini wanadhani vinatoka miti miwili.

Naweza kulala?

Hatuna nyumba ya wageni. Zipo Bububu na pwani yake.

Nikupe kiasi gani?

Tunakubaliana kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Anayekutembeza analipwa yeye mkononi, na ukinunua kitu kwenye eka ya jirani, mlipe jirani mwenyewe.

Nije saa ngapi?

Saa moja na nusu asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani ya mchaichai, au saa tisa na nusu alasiri. Saa sita mchana usije. Hata sisi tumelala.